Makato ya Ami Marhoon

Siku hizi nikipita Wattaya nakaza macho mbele. Pale palipokuwa uwanja wa magari ya Ami Marhoon sasa pana duka la vioo vitupu, ndani magari mapya yanang'ara, na kijana aliyevaa tai anakuuliza unapenda rangi gani. Mie napenda ile buluu iliyobabuka ya matangi yetu ya maji, yakhe. Unayo? Nataka harufu ya dizeli asubuhi, na mandazi ya iliki aliyokuwa akituletea mke wa Ami, tukayala tumesimama huku injini zinapata moto. Napatamani pahala pale mpaka roho inaniuma.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nyumba nyingi za mitaa ya Azaiba na Khuwair zilikuwa zikingoja maji ya magari ya matangi, nasi madereva wa Ami tulikuwa barabarani tangu alfajiri. Wengi wetu tulizaliwa Unguja, kisha tukahamia huku kwa Waarabu. Tukipishana njiani tulikuwa tukitoleana maneno kwa Kiswahili dirishani, matani ya kila namna, na polisi wa trafiki wasijue tunatukanana au tunasalimiana.

Ami Marhoon alikuwa binamu wa marehemu baba yangu. Alikuwa tajiri wangu na ami yangu kwa pamoja, na hapo ndipo penye balaa. Tajiri mwengine akikukata mshahara utakwenda kumshitaki. Ami utamshitaki kwa nani? Kwa bibi yako?

Na alikuwa akikata, bwana we! Kila Jumatano baada ya Alasiri alilizunguka kila gari pole pole, mikono nyuma, kanzu imenyooka kwa pasi. Akiona mkwaruzo, anasimama.

"Na hii?"

Unajieleza. Anakusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, kisha anasema, "Nakata." Kioo kimepasuliwa na kijiwe cha lori la mtu mwengine, nakata. Tairi limechoka kwa uzee wake, nakata. Siku moja nilichemka nikamwambia, "Ami, gari hili kwa umri wake lingeweza kunizaa!" Akanijibu, "Basi liheshimu kama mzazi." Utafanya nini na mtu kama huyo?

Mie nilikuwa na haja ya pesa zile kwa jambo moja tu, nalo ni Khawla, binti yake Ami. Ndiyo, cheka! Pesa za mahari ya mwanawe alikuwa akizikata mwenyewe. Khawla nimemjua tangu tuko wadogo, na tulipokuwa wakubwa ikabaki salamu ya mbali, yeye mlangoni mwa jiko la nyumba yao iliyopakana na uwanja, mie kwenye gari. Lakini salamu ile ilikuwa ndefu, wallahi. Hali yako, hali ya mama, hali ya gari, mpaka Thani, dereva mkubwa wetu, ananipigia honi.

Kisha tukasikia kwamba jamaa wa Maan, kijana wa wizarani, watakuja kumposa Khawla siku ya Ijumaa. Mama yangu hakutaka kwenda kwa Ami mikono mitupu. Tukapatana kwamba Jumatano nikishapokea mshahara wangu, mahari itatimia, na Alkhamisi atakwenda yeye kabla ya watu wa Maan. Mshahara ule ukikatwa, Khawla ndiye huyo anakwenda.

Sasa sikiliza. Khawla alikuwa akijifunza kuendesha, apate kwenda mwenyewe kwenye kazi ya ualimu iliyokuwa ikimngoja. Kwenye mtihani wa leseni unarudi nyuma baina ya mapipa, na ukiligusa pipa umeanguka. Babake akilala mchana, yeye anaichukua pikapu kuukuu, anafanya mazoezi uwanjani. Mapipa hakuwa nayo, akafanya tangi langu ndilo pipa. Jumanne ile nilikuwa nimeegesha, tangi limejaa maji matamu, mara nikasikia, kaa! Bampa la chuma limeingia nyuma kwenye pampu. Bomba likakatika, maji yakafoka uwanja mzima, kandambili za Thani zikaelea zikenda zake.

Khawla akateremka mbio. "Hamoud, nimekuumiza?"

"Mie mzima. Umeliua gari tu."

"Baba akijua, leseni ndiyo basi tena. Na kazi ya ualimu nitakwendaje?"

"Ingia ndani," nikamwambia. "Hukugonga wewe."

Akaingia. Thani akanitazama, miguu mitupu ndani ya tope. "Weye umerogwa," akasema. "Na Alkhamisi je?"

Sisi watu wa Unguja tuna maradhi yetu yanaitwa muhali. Mtu anakutia hasarani, na wewe ndiye unayemwonea haya. Nilikwenda nyumbani, nikakaa na mama, sikuweza kumwambia. Nilikuwa na uchungu mpaka chakula kikanishinda.

Lakini Thani ana mke, na mke wa Thani ana mdomo; usiku ule ule habari ya Alkhamisi ikafika jikoni kwa Khawla.

Jumatano Ami akaanza kuzunguka. Akafika kwangu, akainama, akaigusa pampu iliyopinda.

"Na hii?"

"Nilirudi nyuma vibaya, Ami."

"Ulirudi nyuma ukagonga nini?"

Nikainama kuokota kipande cha bomba. Akajinyoosha. "Pampu, bomba na maji yenyewe. Nakata mshahara wote wa mwezi huu."

Nilikuwa nataka kulia, mwanamume mzima, mbele ya madereva wenzangu. Hapo mlango wa jiko ukafunguka. Khawla akatoka na buibui lake, akaja moja kwa moja mpaka kati ya magari, jambo ambalo hajapata kulifanya sisi tukiwapo.

"Baba, niliyegonga ni mimi. Usimkate Hamoud."

Ami akasema kwa sauti ya chini, "Rudi ndani."

"Nitarudi. Lakini usimkate."

"Gari limeharibika. Lazima mtu akatwe. Wewe nikukate nini? Una mshahara?"

"Mshahara sina," Khawla akasema. "Nna mahari. Na mahari ni yangu mie, si yako, umenifundisha mwenyewe. Kata humo."

"Mahari gani? Watu wa Maan hawajaja bado."

"Si ya Maan." Akanyoosha mkono, akanionyesha. "Ya huyu. Akija na pungufu, mie nimeiridhia pungufu."

Lo! Thani alikuwa akitazama mawinguni, na mawingu yenyewe hayapo. Ami akamtazama binti yake, akanitazama mie, akaitazama pampu kama kwamba pampu ndiyo iliyoulizwa. Nilijua sasa hivi nitafukuzwa kazi na ukoo pamoja.

"Hamoud," akasema, "mwambie mama yako aje kesho."

Nililia, sifichi. Na usidhani alisamehe! Siku ya milka, yaani ya kufunga ndoa, wazee wamekaa, sheikh anamuuliza kiasi cha mahari, Ami alikitaja, akapunguza humo bei ya pampu, akapunguza ya bomba, na ya maji pia akaipunguza, mzee yule! Sheikh akaduwaa. Ikabidi mashahidi wende mlango wa chumba cha wanawake kumuuliza bibi harusi kama ameyaridhia makato hayo. Hawajamaliza hata kuuliza, sauti ya Khawla ikafika mpaka ukumbini.

"Nimeridhia!"

Ukumbi mzima ulicheka, na Ami Marhoon, Mungu amrehemu, alicheka kuliko wote.