Siku Vibeke Alipofungua Bolti

Mwezi wa nane mwaka jana, wakirudi kutoka kisiwa cha Ærø na tanga limeshiba upepo, Vibeke alisikia mlio. Tik. Kila mashua ilipolala upande, tik tena. Ulitoka pale kipande cha chuma kinachoshika waya wa mlingoti kinapopenya sitaha na kufungwa kwa bolti ndani. Akamwambia mumewe. Preben akacheka mpaka kofia ikamtoka.

"Mashua ya miaka arobaini utaiambia isilie, mama? Mbona magoti yangu yanalia na bado natembea?"

Tangu siku ile Vibeke hakupanda tena. Akiukumbuka ule mlio, anaishia gatini. Na Preben naye, mdomo hauna breki, akaipeleka habari klabuni, juu ya mkate mweusi na samaki wa siki: Vibeke ameingiwa na uoga wa uzee, jamani, miaka sitini na sita si mchezo. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Huruma ile ilimuuma Vibeke kuliko kicheko, na kibaya zaidi, akaanza kuiamini. Ikafika Krismasi wakapatana: kama masika yakija bado hawezi kupanda, mashua yao, Svalen, itauzwa kwa Mjerumani mmoja wa Flensburg aliyekuwa akiimezea mate. Preben hakutaka kusafiri peke yake. Kusema haki, hapo alikuwa mume mwema.

Mwisho wa Aprili, Svalen ilikuwa bado imesimama juu ya magogo uwanjani, mlingoti umelazwa kando yake. Kreni ya kuteremsha mashua ingekuja Ijumaa. Jumamosi ilikuwa siku ya kupandisha bendera ya klabu, na siku hiyo kila mashua sharti iwe majini. Isiyokuwa majini, mwenyewe ataitwa kaa wa nchi kavu mpaka mwakani, na watu wa bandari ile hawasahau jina walilokupa.

Jumatano asubuhi Preben alikwenda kutimiza zamu yake ya kazi za klabu, kugongomea mbao za gati. Vibeke alibaki kupaka nta ubavuni. Akapaka kidogo, akasimama, akakitazama kile chuma juu.

"Potelea mbali," akasema, akachukua spana na kupanda ngazi.

Usidhani hakuijua kazi. Miaka thelathini na minane amejikunja ndani akishikilia nati kwa spana, Preben yuko nje juani anazungusha bisibisi na kupokea sifa. Leo alizifungua nati peke yake, akatoka juu kukata gundi ya kuzibia. Masalale! Gundi juu ya gundi: nyeupe, kijivu, nyeusi, tena nyeupe, tabaka kama keki ya siku ya kuzaliwa. Kila masika Preben akiona maji yanapenya, huongeza tabaka jingine, kisha hukisugua chuma kwa dawa mpaka unaweza kujitazama ukachana nywele. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Preben aliziba, akaziba juu ya kizibo, akayafungia maji humohumo ndani na chuma chake.

Chuma kikatoka kwa nyundo. Juu kilikuwa kioo. Katikati, pale kilipofichwa na gundi, kilikuwa cha kahawia na kimeloa. Preben akatokea wakati huohuo, nyundo ya klabu bado mkononi.

"Vibeke! Umefanya nini? Kreni inakuja keshokutwa!"

"Nimefungua. Hebu tazama hapa katikati."

"Aa, kutu ya juujuu hiyo! Pitisha brashi, imekwisha. Hiki chuma kitatuzika sisi sote."

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

Preben akapandwa na hasira hasa. Akakichukua, akakibana kwenye jiliwa, akakikamata kwa koleo kubwa. "Leo nikuonyeshe, uache kuwaza mambo ya ajabu." Akavuta mara moja, wala si kwa nguvu zake zote. Pa! Kikakatika.

Akakiinua kipande kwenye mwanga. Ndani chuma kilikuwa cheusi karibu upana wote. Sehemu iliyobaki nzima haikuzidi unene wa ukucha. Mlingoti na tanga, na wao wawili chini yake, vyote vilikuwa vimening'inia hapo.

Vibeke akaketi juu ya ndoo ya rangi, akaangua kilio. Kilikuwa kilio cha faraja, na mwenyewe alikijua. Miezi minane amekuwa akijikagua kwenye kioo akimtafuta kikongwe mwoga aliyemwingia, kumbe hakuna mtu kama huyo. Masikio yake yalikuwa mazima na akili yake timamu. Mwili mzima ukawa mwepesi.

"Mlingoti ungetuangukia," Preben akasema taratibu.

"Ungetuangukia."

"Na mimi nikacheka."

"Ukacheka, Preben. Ukacheka sana."

Wakakipeleka kwa Jytte, shoga yake Vibeke tangu shuleni, mwenye karakana ya chuma pale bandarini. Jytte akakigeuza mara mbili. "Shemeji, maiti hii umeipaka poda miaka mingapi? Wenzako walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mshukuru mwoga wako." Akasema atatengeneza upya vyuma vyote vinne vinavyoshika nyaya za mlingoti, vinene zaidi, lakini si kwa Ijumaa. Wiki mbili. Basi kreni ikaja, ikaondoka, Svalen ikabaki uwanjani peke yake.

Jumamosi bendera ikapanda, mzinga mdogo ukalia, vikombe vya pombe chungu vikagonganishwa. Wakamgeukia Preben. "Kaa wa nchi kavu! Au mama amekukataza?" Kicheko kikavuma. Preben akatoa kile kipande mfukoni, akakipitisha mkono kwa mkono.

"Hiki ndicho kilichoshika mlingoti wangu. Vibeke alikisikia. Mimi nikawaambia ninyi nyote kuwa ameingiwa na uoga. Nilikosea, na nilikosea kwa sauti kubwa, kwa hiyo leo nasema kwa sauti kubwa."

Kicheko kikakatika. Wanaume watatu wakaweka vikombe chini na kuelekea kwenye mashua zao bila kuaga.

Katikati ya Mei, Svalen ikatoka bandarini, Vibeke kwenye usukani. Upepo ukaja, mashua ikalala upande. Vibeke akatega sikio. Maji tu, na kamba. Akashusha pumzi ndefu, akataka kuimba.

Ndipo akamwona Preben. Ameushika ukingo wa sitaha, vidole vimekuwa vyeupe, macho hayabanduki kwenye chuma kipya.

"Vipi, mzee?"

"Hakuna kitu."

"Preben."

"Naogopa," akasema, bila kumtazama. "Kila ikilala, nasikia kile chuma kikikatika."

Vibeke alikuwa na haki ya kucheka. Haki kamili, ya miezi minane. Akalegeza kamba ya tanga mpaka mashua ikanyooka, akajisogeza kumpisha mumewe akae karibu naye.

"Hapo je?"

"Hapo afadhali."

"Basi tutakwenda hivihivi," akasema. "Na ukisikia chochote, niambie."