Jina Lako Halimo

Mama yangu, Bi Maulida, alikuja Kibaha na begi tupu. Alikuwa amenionya kwenye simu: siku atakayofika akakuta Kudra hana mtu wa kumwangalia, anamfungasha na kuondoka naye kwenda kwake Maneromango. Mimi ningekuwa namwona mwanangu mwisho wa mwezi, kama barabara inapitika.

Kudra ana mwaka mmoja na miezi minane. Baba yake, Faraji, anaendesha lori la Tunduma. Mimi napima sukari katika maabara ya kiwanda cha juisi, na zamu zangu hupangwa na Bwana Hashiru. Kila Jumapili hututumia ratiba kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake huandika: "Inaweza kubadilika." Hayo ndiyo maneno pekee ya ratiba ambayo hayajawahi kubadilika. Watu arobaini na wawili tunajibu "Sawa bosi." Mimi huwa wa kwanza. Naogopa nikichelewa nitaonekana nilikuwa nafikiri.

Basi na mimi nikatengeneza ratiba ya Kudra, kwa rula na kalamu za rangi tatu, nikaibandika mlangoni. Asubuhi ni Mwalimu Genoveva, mstaafu wa chumba cha pili. Kuanzia saa nane ni dada Mwanamvua, muuza vitumbua, ambaye wakati huo ameshamaliza biashara. Siku zangu za mapumziko niliziandika kwa nyekundu. Nilidhani nimeomba msaada, kumbe nimefungua ofisi. Wiki ya pili Mwanamvua aliomba likizo ya mwaka. Mwalimu alileta daftari la makabidhiano, akaandika: "Nimepokea mtoto mmoja, ameshiba uji, kiatu kimoja." Kiatu cha pili kilikuwa kimepotea, na kwa mujibu wa daftari uchunguzi ulikuwa unaendelea.

Alhamisi nilikuwa zamu ya asubuhi. Saa nne ujumbe ukaingia: "Hajira abaki hadi saa kumi na moja." Nikajibu sawa bosi, kisha nikaenda chooni kumpigia Mwanamvua. Hapatikani. Alikuwa amekwenda msibani kijiji cha Janga, na taarifa ya ruhusa ameiandika kwenye daftari, ambalo mimi hulisoma jioni. Nikampigia Mwalimu. Mwalimu hapokei simu akiwa kazini na Kudra.

Mama akafika saa sita.

"Hodi! Nimekuja kumchukua mjukuu wangu."

"Karibu, Bi Maulida," Mwalimu akasema, Kudra kiunoni. "Ngoja niangalie." Akaenda mlangoni, akapitisha kidole kwenye mistari yote. "Jina lako halimo."

"Halimo wapi?"

"Kwenye ratiba."

"Genoveva, wewe si unanijua?"

"Nakujua sana, na mihogo yako nimekula. Lakini siwezi kumkabidhi mtoto kwa mtu asiye zamuni."

Mama alikaa kibarazani saa mbili nzima, amenuna, begi miguuni. Saa nane ikafika, Mwanamvua hakuonekana, na Mwalimu alikuwa na kikao cha jumuiya ya kanisani. Akachomoa kalamu, akaongeza mstari: Bi Maulida, saa nane hadi kesho saa moja asubuhi.

"Saini hapa. Kesho unanirudishia mimi."

Mama akasaini. Alisema baadaye kwamba alikuwa na haraka ya kumbeba mtoto, hakusoma.

Mimi nilifika nyumbani nakimbia. Nilimkuta kwenye mkeka, Kudra amelala mapajani pake, begi pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nilikuja kumchukua."

"Najua, mama."

"Sasa nitamchukuaje? Kesho saa moja ni wa Genoveva, na mimi nimeshasaini." Akalisukuma daftari kwa kidole kana kwamba linauma. "Mmeniweza."

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Bwana Hashiru kwenye kundi: "Hajira, Jumamosi hupumziki, utaingia asubuhi." Kidole changu kilikuwa kimeshaandika "Saw" Mama aliponinyang'anya simu.

"Huyu ndiye anayekupangua?" Akabonyeza kitufe cha kurekodi, akakishikilia. "Bwana Hashiru, mimi ni bibi yake Kudra. Jumamosi mtoto hana mtu. Mwalimu ana kwaya, Mwanamvua yuko msibani, mimi mihogo yangu inaliwa na nguruwe. Zamu hiyo ni ya mama yake, imeandikwa mlangoni kwa nyekundu. Tafuta mwingine."

Ikaenda kwa watu wote arobaini na wawili. Nilijifunika uso kwa khanga. Bwana Hashiru alianza kuandika, akaacha, akaanza tena.

"Shikamoo mama. Sawa."

Halafu wengine wakafuata, maabara, stoo, mpaka mlinzi wa geti: shikamoo mama, shikamoo mama.

"Wajibu marahaba," Mama akasema. "Mmoja mmoja, usiwachanganye."

Ijumaa saa moja kamili alimkabidhi Kudra kwa Mwalimu, akaaga. Begini alikuwa ameweka nakala ya ratiba, zamu alizojipangia za mwezi ujao zimepigwa mstari, pamoja na kile kiatu kimoja, akatafute kinachofanana nacho sokoni Kisarawe. Alipofika getini Mwalimu akamwita arudi. Kiatu nacho alikuwa hajakisainia.