Kungoja Karibu ya Tatu

Kitendawili. Kitu gani ukipewa mara ya kwanza unakikataa, ukipewa mara ya pili unakikataa, mara ya tatu unakipokea kwa kuguna kama uliyelazimishwa, na hali ulikitaka tangu ulipovuka kizingiti?

Pale Skogen, kaskazini mwa Minnesota, hata mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu atakujibu: kahawa ya jirani. Mtu mwenye adabu hasemi ndiyo mara ya kwanza. Husema, la, usijisumbue. Mwenyeji akirudia, husema, labda kama imeshachemka, lakini kwa kweli hapana. Mwenyeji akikaribisha ya tatu, ndipo anasema basi nusu kikombe, na kikombe kinajazwa pomoni. Kipande cha mwisho cha keki nacho hakiliwi na mtu. Hukatwa nusu, na ile nusu ikakatwa nusu, mpaka kwenye sinia kinabaki cha kumtosha sisimizi, nacho kinafunikwa vizuri na kuwekwa kwenye friji.

Marit Tollefson alifundwa adabu hiyo na bibi yake, Ardis, aliyemlea tangu mama yake alipohamia Fargo kikazi. Bi. Ardis alikuwa mtu wa vitendawili. Aliacha shule mapema akakamue ng'ombe, na vitendawili, alisema, ndivyo shule aliyoondoka nayo mfukoni. Walitegeana wakiosha vyombo, wakimenya viazi, wakiendesha gari barabara ndefu za theluji.

Barabara mojawapo ndiyo iliyomfanya Marit atake sheria. Babu alipofariki kulikuwa na karatasi za shamba za kusomwa na kutiwa saini, na wakili pekee wa Skogen alikuwa amestaafu zamani, ofisi yake ikageuzwa duka la chambo. Wawili hao wakaendesha nusu ya siku kumtafuta wakili wa mji mwingine, upepo unapuliza theluji hata mbele hapaonekani, Bi. Ardis amekumbatia bahasha kama mtoto mchanga. Marit akajiambia, mimi nitakuwa wakili wa hapa.

Akamaliza chuo, akafanya kazi miaka miwili kwenye ghala la nafaka la ushirika, akaomba nafasi za kusomea sheria. Vyuo viwili vikamtaka.

Cha kwanza ni Wexcombe, cha Minneapolis. Ndicho alichokiota, maana kina kitengo kinachofundisha sheria za mashamba, na wanafunzi wake huwatetea wakulima kwelikweli. Wexcombe wakasema watambebea theluthi ya karo. Cha pili ni Pruett, cha Ohio, nao wakasema watambebea karo yote. Yote, ila kwa sharti: kila mwaka abaki katika theluthi ya juu ya darasa lake. Marit alilisoma sharti hilo akalirudia. Hata darasa zima liwe na vichwa vikali, wawili katika kila watatu lazima waanguke, kisha walipe wenyewe.

Shida ya deni la masomo ni hii: wakili mwenye deni kubwa hawezi kuishi Skogen. Wateja wa Skogen hulipa kidogo, wengine hulipa kwa nusu ya ng'ombe aliyekwisha kukatwakatwa. Mwenye deni hubaki mjini kwenye kampuni kubwa mpaka mvi zimwote. Marit alipiga hesabu na kuipiga tena. Wexcombe wakimbebea nusu, au karibu na nusu, atarudi nyumbani. Wakibaki kwenye theluthi, hatarudi.

Katika nchi ile si aibu kwa mwanafunzi kukionyesha chuo kimoja barua ya chuo kingine na kuuliza kama wanaweza kuongeza. Vyuo vyenyewe vinategemea kuulizwa. Lakini Bi. Ardis aliposikia, aliweka kijiko chini.

"Yaani umpelekee jirani keki ya jirani mwenzake, umwambie ona, ya yule ina zabibu?"

"Ndivyo wanavyofanya, Bibi."

"Wanaofanya hivyo wana mama zao?"

Marit aliandika hata hivyo, barua pepe yenye samahani nyingi kuliko maneno mengine, akaambatanisha ya Pruett, akaituma akiwa amefumba jicho moja.

Siku chache baadaye simu ikalia jikoni. Alikuwa Bi. Carbone, mkuu wa udahili wa Wexcombe, mama wa New Jersey anayesema haraka kama aliyeacha chungu motoni. Alikuwa amelipeleka jambo lake kwenye kamati. Wangeweza kumpandisha kutoka theluthi hadi nusu, tena bila sharti lolote.

"Itakufaa?" akauliza.

Moyo wa Marit uliruka. Kinywa chake kikafanya kilichofundwa tangu utoto. "Jamani, hapana, mmeshafanya mengi mno. Msijisumbue."

Bi. Carbone akauliza tena. "Una hakika?"

"Ndiyo, kwa kweli. Tuko sawa."

"Haya," akasema Bi. Carbone. "Nashukuru umenieleza wazi." Akakata.

Bi. Ardis, aliyekuwa akifuta meza ile ile muda wote, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mtoto amejibu vizuri. Amekataa mara mbili, kwa sauti ya upole. Sasa huyo mama atapiga ya tatu, na Marit atasema basi, kama hamtapata taabu.

Wakangoja. Barafu ya ziwa lililo mbele ya nyumba ikaanza kuwa ya kijivu pembeni. Wakatega na kutegua vitendawili vyote walivyokuwa navyo, wakaanza kuvirudia. Katikati ya Aprili ndiyo mwisho wa kulipa amana ya kushika nafasi, na atakayepitisha siku hiyo amejitoa mwenyewe. Simu ililia mara kadhaa: mama yake Marit kutoka Fargo, mtu wa kuuza bima, jirani mwenye ndama mgonjwa. Bi. Carbone, kimya.

"Watu wa mjini hawana haraka," Bi. Ardis akasema, lakini alianza kuibeba simu hata akienda kulisha kuku.

Kila Jumatano ya Kwaresima Walutheri wa Skogen hula supu pamoja katika chumba cha chini cha kanisa. Mwaka ule walikuwa na mchungaji mpya, Mchungaji Cobb, kijana mrefu wa Georgia, mkarimu mpaka basi, ambaye alikuwa hajamaliza hata msimu mmoja wa baridi. Supu ilipokwisha alipita mwenyewe na sinia la keki za karanga na chokoleti, zile anazozipenda Bi. Ardis kuliko zote. Bibi huyo alikuwa amezikodolea macho tangu wimbo wa kwanza.

"Mama Ardis, keki?"

"La, Mchungaji, nimeshiba."

"Kweli, Mama?"

"Kweli kabisa."

"Sawa, Mama. Mungu akubariki." Akaenda zake na sinia.

Mkono wa Bi. Ardis ulikuwa umeshainuka kutoka mapajani. Ulibaki hewani, kisha ukajifanya unarekebisha kola. Meza nzima iliinamia mabakuli matupu. Marit aliuma midomo asicheke, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Kisha akakatisha kicheko. Alikuwa anamtazama Mchungaji kule meza ya mbali, akigawa keki kwa roho safi, bila wazo lolote kwamba kuna mtu nyuma yake aliyebaki na njaa.

Ndani ya gari Marit hakuwasha injini.

"Bibi, amekwenda na sinia."

"Nimemwona. Hajafundwa, maskini. Atajifunza."

"Bi. Carbone, Bibi. Amekwenda na sinia."

Bi. Ardis alitazama mbele, kwenye kioo chenye ukungu. Akasema kwamba mtu akitaka kukupa kweli, hurudia. Marit akamwambia alirudia. Aliuliza mara mbili, na mara mbili ameambiwa hapana, na kwao New Jersey hapana ni hapana. Hakuna kungoja karibu ya tatu. Alichosikia yule mama ni kwamba binti wa Skogen hataki.

"Sasa utampigia umwambie nini? Kwamba ulimdanganya?"

"Nitamwambia nilikuwa na adabu."

"Utajiaibisha."

"Labda. Lakini nisipopiga nitakuwa wakili wa Chicago mwenye deni na adabu zake."

Njia nzima Bi. Ardis hakutega kitendawili hata kimoja.

Asubuhi Marit alipiga simu palepale jikoni, amesimama. Bi. Ardis akafungua bomba kwa nguvu kwenye sinki asije akasikia, kisha, simu ilipopokewa, akalifunga ili asikie.

Marit alieleza yote: kahawa, mara tatu, kipande cha mwisho cha keki. Alipofika kwenye kipande, Bi. Carbone alimkatiza.

"Ngoja kwanza. Nimehamia huku Agosti. Kila Jumatatu naleta keki ofisini, kila mtu ananiambia hapana asante, narudi nazo nyumbani nakula mwenyewe. Nguo hazinitoshi. Unaniambia walikuwa wanazitaka?"

"Tangu ulipofungua mlango, Bi. Carbone."

Mama yule alicheka kwa sauti mpaka Bi. Ardis akaisikia kutoka kwenye sinki. Kisha akaacha kucheka. Alieleza kwamba ile nusu imerudi kwenye kamati na kamati imempa mwombaji mwingine, naye hawezi kumnyang'anya mtu. Huenda mwingine akajitoa kabla ya tarehe ya mwisho, huenda asijitoe.

"Kwa hiyo sasa niambie unachotaka," akasema. "Usinizungushe, binti. Mimi si wa hapa."

Marit alishika ukingo wa meza. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakusema kwamba wengine kuinama wanaweza; kinachowashinda ni kusimama wima na kunyoosha kidole: kile pale, nakitaka.

"Nataka kusoma kwenu," akasema. "Nataka nusu ya karo, bila sharti. Nikiipata, siku hiyo hiyo nalipa amana, na Pruett nawaambia hapana. Nikikosa siwezi kuja, kwa sababu nataka kurudi kuwa wakili wa huku, na kwa deni lile sitarudi."

Hakuweka samahani hata moja.

"Sasa hiyo naweza kwenda nayo kwenye kamati," Bi. Carbone akasema. "Siahidi kitu. Nipe mpaka Ijumaa ya wiki ijayo."

Zilikuwa siku ndefu. Alhamisi iliyofuata jioni, wakiosha vyombo, Marit ndiye aliyeanza.

"Kitendawili."

"Tega," Bi. Ardis akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anangoja kusamehewa au kusamehe, haijulikani.

"Nina kisima uani kimejaa hadi ukingoni, na mgeni wangu amekufa kwa kiu akikitazama."

Bi. Ardis alisuuza sahani. Alisema ni kisima cha barafu. Sivyo. Alisema ni ziwa katika picha. Sivyo. Alisema ni duka Jumapili.

"Nipe mji, Bibi."

"Chukua Fargo."

"Nimekwenda Fargo, nimelala hoteli yenye bwawa la maji moto, nimekula nyama choma kubwa kuliko sahani, na nilipoulizwa kama naongezewa nikasema ndiyo mara ya kwanza. Kisima changu ni mtu mkarimu asiyeombwa."

"Hicho umekitunga wewe."

"Nimekitunga."

Bi. Ardis alilikausha sufuria mpaka likakauka mara mbili. "Si kibaya," akasema.

Ijumaa simu iliwakuta mezani wakinywa kahawa, sinia la keki za karanga katikati. Bi. Ardis alizioka asubuhi, hakusema kwa nini. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, tayari kimekatwa pembeni.

Bi. Carbone alisema mwombaji mmoja amechagua chuo kingine. Fungu lake halikuwa nusu kamili, lilipungua kidogo. Halikuwa na sharti.

"Unalichukua?"

"Ha—" ilifika mpaka ncha ya ulimi. Marit aliimeza kama dawa. "Ndiyo. Nalichukua. Asante sana." Kisha, kabla mama yule hajakata, akajisikia anaendelea. "Na kile kitengo cha mashamba, wanaajiri wanafunzi? Nimwombe nani?"

Bi. Carbone akacheka tena, akasema huyu wa leo siye wa mwezi uliopita, akampa jina.

Simu ilipowekwa chini, Bi. Ardis hakuuliza habari za karo. Aliuliza moja tu.

"Utarudi?"

"Nitarudi, Bibi. Itabidi nibane, lakini nitarudi."

Bi. Ardis akaitikia kwa kichwa, akatazama dirishani, kule ambako barafu ilikuwa imejitenga na ufuo na maji meusi yanaonekana. Marit akalisogeza sinia.

"Bibi, keki?"

Mzee yule alifungua kinywa, akakifunga. Kisha akanyoosha mkono akakichukua kipande cha mwisho chote, hakukikata, akakiuma mbele ya mjukuu wake mchana kweupe. Akatafuna taratibu.

"Nimezidisha chumvi," akasema, akauma tena.