Mto wa Mti wa Burale

"Mama Mbinya, mti ukivunjika, unaweza kuungwa ukawa ule ule?"

Ambaro aliniuliza hivyo akiwa bado amesimama mlangoni, kitu amekifunga kwenye leso na kukibana chini ya kwapa. Nilimjibu bila kufikiri, kwa maneno ya marehemu mume wangu: "Ukiungwa vizuri, siku ya kuvunjika utavunjika mahali pengine."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Kitu chenyewe kiko juu ya kabati langu mpaka leo, na pale nilipounga hapajaachia.

Ilikuwa Jumatatu, mwaka wa tisini na nne, huko mtaa wa Umoja. Nyamai, mume wangu, alikuwa ametimiza miezi saba kaburini. Alikuwa mchongaji, mtu wa twiga na vifaru vya watalii, na kwa miaka kumi na sita mimi ndiye niliyekaa kando yake na msasa, nikilainisha alivyochonga na kuunga vilivyopasuka. Shule niliishia darasa la saba. Gundi nilifundishwa na yeye.

Ambaro alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya ua. Aliikimbia vita ya kwao Somalia akiwa na mwanawe Nuh, na mumewe Burale wakamzika kando ya barabara, kabla ya kufika mpakani. Aliuza vitambaa, na nguo zake daima zilinukia udi, hata ungejua amepita bila kumwona. Siku za matanga ya Nyamai hakusema pole kama wengine. Alikuja akaketi jikoni, akamenya viazi siku tatu.

Sasa aliketi, akafungua leso. Ndani mlikuwa na kile wanachokiita barshi, mto wa mti wa kulalia kichwa: juu umebonyea kama kiganja, chini miguu miwili yenye nakshi. Burale aliulalia tangu alipokuwa kijana wa kuchunga ngamia. Mjukuu wake, Ifrah, alikuwa ameukalia. Mguu mmoja ulikuwa umekatika, na ufa umepanda hadi kwenye bonde la kichwa.

"Jina letu limetoka kwa orodha ya wakimbizi wa kwenda ng'ambo," alisema. "Ijumaa tunapanda ndege. Hii ndiyo Burale yangu. Ingine sina."

Kabla ya kunikabidhi aliusogeza usoni, akafumba macho. Nilidhani anaubusu.

Kisha akatazama koti la kazi la Nyamai, lililokuwa kwenye msumari karibu na mlango, kola yake nyeusi kwa jasho.

"Hii haijafuliwa?"

"Halifuliwi," nikamjibu. Mbinya, binti yangu, alikuwa ameomba mara mbili alifue, na mara zote mbili nilimkatalia.

Ambaro akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi nimeleta nyumba inafaa."

Akainuka, na kwa sababu hakupenda kuniachia huzuni nyumbani, akatazama twiga waliobaki kwenye rafu. "Nyinyi Wakamba mnachonga twiga, mnachonga simba. Ngamia hapana. Ngamia amewakosea nini?"

"Nundu yake inakula mti mwingi, Mama Nuh."

Alicheka mpaka uani. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo.

Kesho yake nilikwenda sokoni Gikomba, kwa Okumu, aliyemuuzia Nyamai vifaa. Akaniwekea mezani gundi za aina mbili, kila moja tyubu mbili: moja ya gundi yenyewe, nyingine ya dawa ya kuikausha.

"Mathe, chukua hii. Dakika tano imeshika. Siku hizi nani anangoja?"

"Mimi nangoja."

"Haya basi. Chukua ya Nyamai."

Ya Nyamai ilikuwa ile ya polepole, inayokauka kutwa nzima. Alizoea kusema kwamba ya haraka hushika juu juu na kuwa ngumu kabla haijauingia mti, lakini ya polepole hunywewa. Na jambo jingine alilisema kila mara, hata nikawa namtangulia kulisema: gundi hukamata mti, haikamati mafuta. Safisha kwanza.

Jumatano asubuhi niliomba, kama alivyoomba yeye kabla ya kushika kazi ya mtu. Nikatandika gazeti. Nikalowesha kitambaa cheupe kwa spiriti, nikaanza kusafisha ule ufa.

Mafuta yalikuwa mengi. Nilipofuta, mengine yalijitokeza kutoka ndani ya mti, kahawia, yakinukia samli na moshi, na kitu kingine kichungu ambacho sikukijua. Nikasema moyoni, uchafu wa miaka. Nikafuta mguu, nikafuta bonde lote la kichwa, nikasugua kwa msasa mpaka mti ukatoa rangi yake ya kwanza. Kile kitambaa kilikuwa kimelowa na chumba kimejaa harufu. Nikakitupa kwenye jiko lililokuwa likiwaka nje. Kiliwaka kwa moto mrefu.

Kisha nikafinya tyubu zote mbili juu ya kifuniko cha kopo, sehemu sawa kwa sawa, kwa maana dawa ikizidi gundi haikomai. Nikakoroga kwa njiti ya kiberiti bila haraka. Gundi ya kujazia ufa nikaichanganyia unga wa mti kutoka kwenye kopo la Nyamai, nikaushindilia. Mguu nikaurudisha, nikauzungushia mpira wa baiskeli, nikaubana. Asubuhi ya Alhamisi nilifungua, nikalainisha, nikapaka gundi nyembamba juu yote, iking'aa kama maji kwenye sahani. Huwezi kuona palipovunjika. Mungu anisamehe, niliona fahari. Nilitamani Nyamai angekuwapo aone.

Kanisani kwetu husomwa habari ya mwanamke aliyempaka Bwana marhamu, nyumba ikajaa harufu. Tangu mwaka ule, mchungaji akifika hapo mimi hutazama magoti yangu.

Ambaro alikuja Alhamisi jioni, jua lingali uani. Hakuketi. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Aliugeuza. Akapitisha kidole pale mguu ulipokuwa umekatika, akapatafuta, hakupaona. "Mashallah," alisema, na uso wake ukafunguka. Ndipo akauinua, akaubandika usoni kama siku ile, akafumba macho.

Alivuta pumzi. Akavuta tena. Akaugeuza upande wa pili, akavuta kwa muda mrefu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile hakuwa akiubusu; alikuwa akimnusa Burale. Nilijua kabla hajafumbua macho.

"Kitambaa ulifutia," aliniuliza taratibu, "kiko wapi?"

"Nilikichoma, Mama Nuh."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliuweka mto juu ya kabati polepole, mguu kwa mguu, kama mtu anayemlaza mtoto wa mwenzake. Akageuka. Mlango wetu ulikuwa mwembamba, na koti la Nyamai lilikuwa pale pale kwenye msumari wake. Alipolifikia alisimama, akakusanya mtandio wake wenye udi, akaubana kifuani kwa mikono yote miwili usije ukaligusa ukaliachia harufu, akapita kwa ubavu, akatoka.