Nyumba ya Palmer Mlimani Gloucester

Mimi ni Cuthbert Olatunji Faulkner. Baba yangu, Samuel Faulkner, alikuwa karani wa forodha katika bandari ya Freetown, na hakupata kupokea hata yai kutoka kwa mtu mwenye shehena. Babu yangu, Ezekiel, alikuwa katekista. Wazee wengi wa Gloucester, kijiji chetu mlimani juu ya mji huo, waliojua kusoma walizijua herufi kwa fimbo yake. Baba wa babu yangu, Josiah, alishushwa kutoka meli ya watumwa iliyokamatwa, akiwa kijana, akapandishwa mlimani huku hana kitu ila jina alilopewa, akajifunza uashi, na mawe aliyoyachonga yangali katika ukuta wa kanisa letu. Katika hao wote hakuna aliyeuza kisicho chake.

Nayataja haya kwa sababu yanahusu nyumba.

Zamani nyumba za mlimani hazikuuzwa. Mtu alizaliwa ndani yake, akawaachia wanawe, nao kila mwaka wakapika awujo, karamu ya kuwalisha waliotangulia, wakatia sehemu ya wafu katika shimo la uani pamoja na maji na mbegu za kola. Kila nyumba ya ukoo ilikuwa na shimo lake. Leo mji umetupanda kama siafu wapandavyo mguu. Wenye uwezo wanakimbia joto na mafuriko ya bondeni, wanajenga maghorofa yenye mageti ya chuma, na zile nyumba za mbao zenye misingi ya mawe zinatembezwa na madalali kama vitambaa vya mnadani.

Mimi nilikuwa mwalimu mkuu katika mji wa Bo, mbali bara, kwa muda mrefu wa maisha yangu, nikarejea mlimani baada ya kustaafu. Niliowaacha wazee nilikuta makaburi yao. Ndiyo maana mjukuu wangu Omotayo aliponiletea habari ya nyumba ya Palmer, sikuwa na rika wa kumwuliza.

Omotayo ni muuguzi. Wakati huo alikuwa mjamzito, akiishi na mumewe Sorie katika vyumba viwili vya kupanga huko bondeni, kando ya mto, ambako kila msimu wa mvua walilala wameinua magodoro juu ya meza. Walikuwa wamejinyima miaka mingi ili wapate kwao. Walikuja Jumapili baada ya ibada, nyuso zinang'aa.

"Babu, tumepata," alisema kabla hajakaa. "Ile ya marehemu Mama Ransolina Palmer. Mwanawe amerudi kutoka Uingereza, anaiuza."

"Nani aliyewaonyesha?"

"Mimi, Babu," alijibu Sorie. "Nilikutana naye bandarini, anatoa mizigo yake. Tukaongea, tukazoeana."

Nilimtazama. Sorie anafanya kazi bandarini, anavaa vizuri, anacheka upesi. Sikuwa nimepata ubaya wake, lakini mtu anayezoeana na muuzaji wa nyumba mbele ya makontena hunifanya nishike fimbo yangu vizuri.

"Na amekuharakisha?"

"Kidogo. Anataka kusafiri wiki ijayo. Jumamosi tumpelekee malipo."

"Kidogo," nilirudia. Omotayo akageuza macho juu, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni.

Kesho yake tulipanda kwenda kuiona. Kwamba Ransolina alikuwa na mwana mmoja aitwaye Desmond, hilo nilikuwa na hakika nalo. Kwamba alipelekwa Uingereza akiwa kijana wa kunyoa ndevu, hilo pia nililisikia nikiwa Bo. Lakini sikuwahi kumwona akiwa mtu mzima, na jina si uso.

Tulimkuta ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa mbele ya nyumba, akifuta viatu vyake kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, na Kikrio chake, lugha yetu, kilikuwa cha watu wa heshima, chenye lafudhi ya Uingereza. Aliinuka akavua kofia.

"Mwalimu Faulkner. Mama alikuwa akikutaja. Karibuni kwenye nyumba niliyozaliwa. Ngazi hizi ndizo shule yangu ya kwanza. Hapa nilikaa kila jioni nikila akara, zile bajia za kunde za mama."

Niliitazama ile ngazi, nikamtazama yeye. Kuna jambo lililonigonga moyoni, lakini neno likitoka halirudi.

Tukaingia. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mbichi, na ilikuwa Agosti, wakati hata nguo haikauki mlimani. Nikauliza anayepaka rangi katikati ya mvua anaficha nini.

"Anaficha uzee, Mwalimu," alicheka. "Kama sisi tunavyopaka nywele."

Sorie akacheka pamoja naye. Niliona wanavyocheka kwa wakati mmoja, nikalitia hilo pia akilini.

Hati alikuwa nazo, zenye mihuri yote. Ufunguo alikuwa nao. Aliujua wimbo ambao Ransolina aliupenda kanisani. Kila nililouliza lilijibiwa kabla sijamaliza kuuliza, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Mtu aliyeondoka nyumbani kijana husahau mengi, hukuna kichwa, husema, "Ngoja kwanza." Huyu hakusahau kitu. Alikuwa kama mwanafunzi aliyeyapata majibu bila kuhudhuria somo.

Jioni, nyumbani kwangu, Omotayo aliweka sahani za fufu, ugali wetu wa muhogo, mezani kwa kishindo, nami nikagawa nyama.

"Sema tu, Babu. Umeona nini?"

"Nimeona mtu anayejua sana."

"Mwaka jana ile ya kijijini Leicester uliikataa kwa sababu jirani anafuga nguruwe. Ile nyingine paa lilikuwa jekundu mno. Mkataa pema, Babu, pabaya panamwita."

"Nyumba njema si mlango, mjukuu wangu. Fungua uingie ndani."

"Nimeshaingia. Kuna jiko, kuna maji, hakuna mto. Unataka mtoto wangu azaliwe juu ya meza?"

Neno hilo liliniuma, maana lilikuwa kweli. Nikamgeukia Sorie.

"Na wewe, bwana mdogo. Katika mauzo haya una fungu lako?"

Sorie aliweka kijiko chini taratibu.

"Babu, wewe ni mkubwa, sitakujibu vibaya. Fungu langu ni hilo tumbo la mkeo mdogo."

Kwetu mjukuu wa kike hutaniwa kuwa mke mdogo wa babu, na utani huo ulikuwa na chumvi ya machozi. Sikuomba radhi, sikuwa na hakika bado. Lakini nilipunguza sauti.

"Nataka jambo moja tu. Jumamosi, kabla ya malipo, Desmond awaage wafu wake. Aende kwenye shimo la nyumba, amwage maji, aweke kola, awaambie wazee kwamba nyumba inapata wenyewe wapya. Hakuna mwana wa Palmer atakayekataa hilo. Akifanya, nitakuwa wa kwanza kuwapongeza."

"Hilo tu?" aliuliza Omotayo kwa kushuku.

"Hilo tu."

"Na usimtege, Babu."

"Mwenye nyumba hategwi nyumbani kwake."

Jumamosi mvua ilikuwa imepumzika, nami nilikwenda na jembe langu begani. Desmond alikuwa tayari kabla yetu, amevaa shati jeupe, ameshika chupa ya maji na chupa ndogo ya pombe, na kola nne katika kisahani, mbili nyekundu na mbili nyeupe. Nakiri kwamba nilipoiona kola imechaguliwa sawasawa, shaka yangu iliyumba. Sorie alikuwa amebeba mkoba uliokuwa na akiba yao yote, ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Twende uani," alisema Desmond. "Mama alinifundisha: mtu asiondoke bila kuaga."

"Tangulia, mwanangu," nilimwambia. "Wewe ndiye mwenye njia."

Akaizunguka nyumba bila kusita hadi nyuma, karibu na jiko la nje, mahali ambapo katika nyumba yoyote yetu, kuanzia hapa hadi kijiji cha Regent, utalikuta shimo la wafu. Ardhi ilikuwa ya udongo mwekundu, imesawazishwa vizuri. Akapiga goti, akanyoosha mkono kwangu.

"Nipe jembe, Mwalimu. Shimo limezibwa na mvua za miaka."

Nikampa. Alichimba mara ya kwanza, jembe likaingia kiasi cha kidole. Mara ya pili likalia juu ya mwamba. Akasogea pembeni, akachimba tena, likalia tena. Akasogea zaidi, jasho likaanza kushuka shingoni, na kila mahali jembe lilisema neno lile lile.

"Udongo umeporomoka," alisema, bado ametabasamu. "Mnajua mlima huu."

"Udongo huporomoka," nilijibu. "Haugeuki mwamba."

Omotayo alinitazama. Sikumtazama yeye, nilimtazama Sorie, kwa kuwa uso wa mtu anayeshirikiana na mwizi hubadilika kabla ya uso wa mwizi. Uso wa Sorie haukuwa na siri. Ulikuwa uso wa mtu anayejaribu kuelewa.

"Njooni mbele," niliwaambia wote.

Tulirudi kwenye ngazi. Nikamwomba Sorie anisaidie. Ngazi ile ya chini ilikuwa bapa la jiwe ambalo halikushikizwa kwa saruji. Tuliliinua upande mmoja kwa jembe, na chini yake palikuwa na shimo la duara lililojengwa kwa mawe madogo, limekauka licha ya mvua zote, na ndani yake maganda meusi ya kola na vipande vya sahani za kaure.

"Nilipokuwa kijana," nilisema, "mzee Palmer, baba yake Ransolina, alinialika awujo katika nyumba hii. Nyuma ni mwamba mtupu. Babu yao alijaribu kuchimba akavunja majembe, akawapa wafu wake mahali hapa, chini ya ngazi, ili wawe wa kwanza kumwona anayeingia. Mtoto wa nyumba hii hakukalia ngazi ya chini hata siku moja. Aliyekalia alichapwa. Nilimwona Ransolina mwenyewe akichapwa kwa hilo, na alikuwa msichana mkubwa."

Desmond alilitazama lile shimo, akaipangusa suruali yake udongo.

"Nawe ulitupokea umeikalia," niliendelea, "ukatuambia ulikula akara hapo kila jioni. Mtu wa kabila jingine angeuliza shimo liko wapi. Wewe ni mtu wetu, umelelewa na watu wetu, ndiyo maana ulikwenda nyuma bila kuuliza. Nani alikulea sijui, na namhurumia."

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza Uingereza yote, "haya ni mambo ya kizamani. Mnanunua nyumba, hamnunui shimo."

Sorie aliuhamisha mkoba kutoka kifuani hadi mgongoni.

"Kaka," alimwambia, "mama yako alikuwa anaitwaje nyumbani? Si jina la kanisani. Jina la jikoni."

Yule mtu akachukua kofia yake, akaacha kola kwenye kisahani, akashuka njia ya kwenda barabarani bila haraka, kama mtu ambaye amekwisha kufukuzwa mahali pengi. Ufunguo aliondoka nao.

Omotayo alikaa chini palepale kwenye nyasi mbichi, akalia. Hakulia kwa kuponea. Alilia kwa sababu jioni ile ilikuwa lazima warudi kando ya mto. Nami nilikuwa nimemwokoa na nyumba ile ile niliyomnyima. Sorie alimwinua. Nilimwambia, "Mwanangu, nilikushuku." Akajibu, "Najua, Babu. Ulinipa nyama ndogo." Tangu siku hiyo simwiti bwana mdogo.

Kwa msaada wa kasisi wetu tulimtafuta Desmond wa kweli, tukampata Uingereza, mgonjwa na mwenye wajukuu. Alisema nyumba haiuzwi. Alipoulizwa kuhusu shimo, alicheka kwenye simu hadi akakohoa, kisha akauliza kama bado watoto wanachapwa. Kabla ya mwezi kuisha, familia mbili kutoka mjini zilifika na magodoro, kila moja na hati yake yenye mihuri, zikagombana mbele ya ile ngazi. Zote mbili zilikuwa zimelipa.

Mtoto alizaliwa kwangu, katika chumba alimozaliwa baba yangu, na wazazi wake wangali wanatafuta. Kila wanapoitwa kuona nyumba mlimani huku huniita, nami huenda na jembe langu, na madalali wakiniona huanza kukumbuka shughuli nyingine.

Basi sikieni, ninyi mnaopanda mlima huu na akiba zenu mifukoni. Mtaonyeshwa mihuri, rangi mpya, mandhari ya bahari na mtu mwenye adabu. Msiulize bei kwanza. Ulizeni wafu wa nyumba hii wanalishwa wapi, kisha nyamazeni, mtazame miguu ya muuzaji inaelekea wapi. Nimesema, na sitaki kulirudia neno hili mbele ya mjukuu mwingine anayelia.