Zamu ya Hasina

Vita vilipoingia Kismayu, wenye kampuni ya samaki walipanda ndege wakaacha kila kitu: vyumba vya barafu, gati, jenereta, na karani wao Hasina binti Mbwana. Hasina alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Chovae aliyesoma mjini, na pale ofisini hapakuwa na mwingine aliyejua kuiwasha kompyuta. Kamanda Ilyas alipoiteka kampuni akiwa na wapiganaji wake, alimkataza kuondoka.

"Wewe ni wa mashine," alimwambia, "na mashine sasa ni yangu."

Hakuteka hiyo tu. Kila mashua yenye injini ya Wabajuni, wavuvi wa visiwani, ya Chovae, ya Kudhaa, ya kokote, ililetwa kwa mtutu wa bunduki ikafungwa gatini. Visiwani watu walibaki wakiporwa na kila anayepita, na njia ya kukimbilia Kenya hawana. Husseini, kakake Hasina, alikuwa fundi wa injini. Naye alizuiliwa hapo hapo, azitengeneze mashua na kuijaza jenereta petroli.

Ndani ya kompyuta, mhandisi mgeni alikuwa ameacha mchezo wa nyota. Mchezaji hupewa sayari moja na watu wake, akaunda merikebu za angani, akawapeleka watu kukaa nyota nyingine, akapigana. Haraka hakuna: unapanga utakavyo, ukimaliza unabonyeza, na zamu inakuwa ya mwenzio. Hasina aliucheza peke yake, jenereta ikinguruma, apate kusahau milio ya bunduki. Siku moja Ilyas akamfuma.

"Ni nini hiki?"

"Vita," alisema Hasina.

Ilyas akavuta kiti.

Tangu hapo hakutaka kazi nyingine. Walicheza wawili kwenye mashine moja, na sheria aliiweka Hasina: yeye akiwa mchezoni, wengine wote wageukie ukutani wasione mipango yake. Basi ikawa kamanda na wapiganaji wake, bunduki mabegani, wanatazama chokaa kwa amri ya mwanamke wa visiwani. Ikifika zamu ya Ilyas, Hasina naye aligeukia dirisha, na dirisha lilitazama gati.

Sayari zake alizipa majina ya visiwa vya kwao: Chovae, Kudhaa, Koyama, Chula. Watu wake akawaandika Wabajuni. Ilyas alipoyaona majina hayo alicheka mpaka akapaliwa.

"Badilisha, abaayo," alimwambia kwa Kisomali, kama mtu amwitaye dada yake. "Wavuvi na nyota wapi na wapi? Hata hapa chini nchi hawana."

"Sibadilishi."

Mpiganaji mmoja akamwelekezea bunduki. Mkono wa Hasina haukugusa kibodi.

"Ukitaka yatoke, yapige uyatoe," alisema. "Kwa mkono wangu mimi siyatoi. Hawa ni wachu." Neno lile la Kibajuni, wachu, yaani watu, lilimponyoka katikati ya Kisomali chake, wala hakulirudisha.

Ilyas aliusukuma mtutu chini kwa kidole. "Nitayapiga moja baada ya jingine," alisema. "Nawe utatazama."

Hapo Hasina akajua kamanda amenasa. Mchana, alipompelekea Husseini chakula, alimnong'oneza: "Sema petroli ya jenereta haitoshi. Atatoa."

"Na akikushinda mchezo?"

"Atashinda. Lakini nitamtoa jasho kwanza."

Ilyas alitoa pipa baada ya pipa. Mtu aliyewanyima watu petroli ya kumpeleka mzazi hospitali aliimwaga kwa ajili ya nyota za kiooni. Husseini aliitia nusu kwenye jenereta, nusu akaificha katika matangi ya mashua. Huko juu ofisini Hasina alipoteza Koyama, akapoteza Chula. Kudhaa ilitekwa akaikomboa, ikatekwa tena akaikomboa tena, na makelele ya wapiganaji yakasikika hadi chini. Walinzi wa gati wakaanza kupanda ngazi, huyu leo, yule kesho, kuja kumtazama kamanda wao akihangaishwa.

Asubuhi ya mwisho Hasina alibakiwa na Chovae tu. Ilyas alikusanya merikebu zake zote kuizingira, akainama kupanga, wapiganaji wamembana kila upande. Hasina, pale dirishani, alimwona Husseini akiziunga mashua moja nyuma ya nyingine kwa kamba. Gatini hapakuwa na mlinzi hata wa dawa.

"Nakwenda kutawadha," alisema.

"Ukirudi utakuta nimekwisha kukumaliza," alijibu Ilyas bila kuinua macho.

"Haya, maliza basi."

Alishuka ngazi kwa mwendo wake wa kila siku. Ngurumo ya jenereta iliufunika mlio wa injini ya mashua ya mbele, wakatoka. Lakini jenereta Husseini alikuwa ameiachia petroli ya kuonja tu. Walipokuwa wameshaiacha gati, ikakata, na katika kimya kile Ilyas akaisikia injini. Risasi zikaanza kuchapa maji. Moja ilimpitia Husseini mkononi, akaanguka, na Hasina akashika usukani. Wapiganaji walikimbilia gatini kuwafuata, wakakuta nguzo tupu.

Kule Chovae mama yao, Mwanalima, alilifunga jeraha la mwanawe kwa leso. Watu walijaa mashuani na watoto na masufuria. Wengine walisita.

"Watatufuata hao," alisema bibi mmoja, Bi Tima.

"Kwa chombo gani, bibi?" aliuliza Hasina, na watu waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka.

Nafasi haikutosha. Bi Tima na wengine walibaki. Walipofika Kiunga, ng'ambo ya mpaka, wenyeji waliwapa maji na uji, na Husseini akalazwa na homa. Hasina alirudi pwani akaanza kumimina petroli.

"Umeshafika salama, mwanangu. Kaa," Mwanalima alimsihi. "Yule kamanda anakungoja."

"Na Bi Tima ananingoja, mama."

Alikwenda, akawaleta. Kisha akaenda Kudhaa. Aliendelea kwenda na kurudi mpaka kila aliyetaka kuondoka akavuka, na waliobakia visiwani wakabakia kwa hiari yao, mashua zao zimerudi, zimefungwa mbele ya milango yao wenyewe.