Wembe wa Bi Khairat

Madoa yalipomtoka Mwanamina miguuni, mekundu mwanzo kisha rangi ya zambarau, jambo la kwanza alilofanya ni kumnunia mumewe. Hashil alikuwa akipeleka nguo soko la Njukini na kulala huko huko, na mwaka ule wa tisini na saba mji wa Voi ulikuwa na jina moja tu la kila ugonjwa usioeleweka. Mwanamina akavaa soksi kutwa na joto lote lile, akahamia chumba cha binti yao, Nasima. Maskini Hashil, hata kosa lake hakulijua.

Magoti yakauma. Kinywa kikakauka hata wali haushuki bila maji, mkojo ukawa na povu. Hashil akampeleka Mombasa kwa daktari bingwa.

Majibu yaliporudi, ukimwi haukuwamo. Kilichokuwamo ni kirusi cha homa ya ini, aina ya C. Mwanamina alibisha, kwani ini halijamuuma hata siku moja. Daktari akamweleza kwamba kirusi hicho huweza kukaa kimya miaka mingi, na kwa baadhi ya watu, kabla ini halijalalamika, mwili unaopigana nacho huumiza mishipa midogo ya damu. Ndiyo maana ya madoa, viungo kuuma, na figo kuanza kuvuja. Akauliza kama amewahi kuongezwa damu, au kuchanjwa kwa wembe uliotumiwa na wengine.

Mwanamina akaufikiria wembe wa nyumbani. Kila mwaka kabla ya Ramadhani mamake, Bi Khairat, huwapiga chuku watu wazima wote wa nyumba. Huwachanja kidogo mgongoni, akafyonza damu chafu kwa pembe. Huufuta wembe kwa kitambaa safi, akaita mwingine. Wembe ni mmoja kwa sababu nyumba ni moja. Na mwaka huu Nasima alikuwa amebaleghe.

Njiani kurudi alimwomba Hashil msamaha. Hashil alicheka, halafu akaukumbuka mgongo wake mwenyewe, kicheko kikamwishia. Walikubaliana Bi Khairat asiambiwe, kwani mkono ule ndio fahari yake iliyobaki. Hashil angenunua pakiti ya nyembe, kila mtu na wake, basi.

Siku ilipofika Bi Khairat aliitazama pakiti, akaisogeza kando.

"Kwani humu ndani kuna mgeni?"

Akauchukua wembe wake, akamwita Nasima, akamshika bega. Mwanamina alimpenda mamake kuliko alivyowahi kumwambia, lakini alimshika mkono.

"Mama, si Nasima. Ugonjwa wangu umo kwenye damu. Daktari anasema unapita kwa wembe."

Bi Khairat aliitazama miguu ya mwanawe, safari hii haikuwa na soksi.

"Na babako?"

Mzee ndiye aliyekuwa akichanjwa wa kwanza, kwa heshima yake. Walimzika tumbo limejaa maji, macho ya manjano, wakasema ni siku zake zimefika. Mwanamina alitaka kusema hajui, na kweli hakujua, lakini uso wake ulishajibu.

Bi Khairat akaliachia bega la mjukuu wake, akamwambia avae nguo.